Nungwi hadi Misali na Njao kwa mashua ya tanga: mwezi gani, maji gani, nanga itiwe wapi?

Bint Mahonda

Assalaam aleikum wana jamvi,

Tupo watu wanane, tunataka kwenda Pemba kwa mashua ya tanga, si kwa boti ya abiria. Mashua ni ya mita 9, ina tanga moja la kawaida na mashine ya nyuma ya farasi 15. Nahodha ni mtu wa Tumbatu. Njia ya Nungwi hadi Mkoani anaijua, lakini kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, hajatia nanga, na mlango wa Njao, ile njia ya maji kati ya visiwa vya Njao na Fundo, hajauingia.

Hatuendi kuvua. Tunataka tukae Misali tuione vizuri, miamba yake, kasa, wale kaa wakubwa wa usiku, kisha tupande hadi Njao tuone mikoko, na tumalizie msitu wa Ngezi. Tuna siku nne.

Twende mwezi gani? Wengine wananiambia Agosti kwa sababu upepo upo wa kutosha, wengine Disemba kwa sababu bahari inakuwa imelala. Tuondoke saa ngapi, maji yakiwa vipi? Na Misali nanga inatiwa wapi bila kuvunja matumbawe? Anayejua anieleze kwa kina, hata yakiwa marefu nitasoma yote.

Mzee wa Mkokotoni

Wa aleikum salaam mwanangu.

Panga upepo kwanza, siku za likizo zifuate. Kutoka Ras Nungwi hadi Misali ni kama maili 34 za bahari, na njia inakwenda kaskazini ikielemea mashariki, nyuzi 32 hivi kwenye ramani. Kaskazi inatoka huko huko unakokwenda. Ukiondoka Januari utapiga bisha, yaani kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, safari nzima, na tanga letu halibani upepo kama tanga la yoti. Ukilikaza chini ya nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka, chombo kinapoteza mwendo na kuanza kwenda ubavu. Na kila kugeuza ni foromali, ule mti unaobeba tanga, kuvushwa mbele ya mlingoti na tanga kuhamia upande wa pili, huku abiria wanane wamekaa juu ya kamba. Wanaokwambia Disemba wanafikiria mawimbi, hawafikirii njia. Na kaskazi ikishakamata nguvu, hata hayo mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama wima, kwa sababu upepo unakwenda kusini na mkondo unakwenda kaskazini, vinagombana juu ya maji.

Kusi ndiyo ya kwendea. Inatoka kusini-mashariki, inakupata ubavu wa kulia, kidogo kwa nyuma, na hapo ndipo tanga la pembe tatu linapovuta vizuri kuliko popote. Lakini Juni hadi Agosti ni kusi kali. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa: wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, mashua ya mita 9 yenye abiria isitoke, hata nahodha akisema anaweza. Kati ya Nungwi na Pemba ni kilindi, hakuna mwamba wa kukukinga wala pa kutia nanga ukichoka.

Nenda katikati ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Kusi imepungua lakini bado inatoka pale pale, mvua za vuli hazijakolea, na nyangumi waliopanda kutoka kusini tangu Julai bado unaweza kuwaona mkondoni.

Sasa mkondo, maana huu ndio unaowapoteza watu. Unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka nguvu. Chukua mfano wa mkondo wa noti 2 na mashua inayokwenda noti 5. Ukielekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye Misali moja kwa moja, kwa saa 5 mkondo utakuwa umekusukuma maili 10 kaskazini, na upepo nao unakusukuma magharibi. Utaiona Misali upande wako wa kulia, mbali, na kuirudia ni bisha. Kwa hiyo shika nyuzi 45 hadi 50, kana kwamba unakwenda Mkoani. Ukishaona milima ya Mkoani imekaa vizuri mbele upande wa kulia na Misali imejitokeza peke yake, ndipo ulegeze demani, kamba ya kuvutia tanga, uishukie. Ni rahisi kushuka na upepo kuliko kuupanda. Kama mna simu yenye ramani ya setilaiti, tazameni mstari mliopita kila nusu saa; omo inaweza kutazama Mkoani huku chombo kinakwenda kwingine.

Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri. Asubuhi upepo ni mwepesi, unakaza kuanzia saa nne, na kwa mwendo huo mtafika Misali kati ya saa tano na saa sita. Kufika jua likiwa juu si anasa, ndipo unapoona chini ya maji.

Na kurudi: usipange kurudi na tanga mwezi huo huo. Abiria warudi kwa boti kutoka Mkoani au kwa ndege, nahodha na mabaharia wake wawili wasubiri siku ya upepo mlegevu. Anayemlazimisha nahodha arudishe watu Jumapili kwa sababu Jumatatu wana kazi ndiye anayesababisha ajali.

Kijana wa Wesha

Mzee amemaliza upepo. Mimi niongeze maji, kwa sababu Pemba bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, linapanda na kushuka karibu mita 4, na miamba ya magharibi yote inategemea hilo.

Dada, huhitaji kitabu cha maji. Hesabu tarehe za mwezi wa kiislamu. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hukauka karibu saa nne. Kila siku inayopita ongeza dakika 50 hivi. Ukirudi nyuma siku moja, punguza dakika 50. Ukifika mwezi saba au ishirini na mbili ni maji mafu, yanajaa karibu saa nne na kukauka karibu saa kumi, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo.

Hapo utachagua siku. Ondokeni Nungwi mwezi kumi na mbili, yaani tarehe kumi na mbili ya kiislamu. Siku hiyo maji yanajaa kama saa saba u nusu mchana, kwa hiyo mkifika saa sita Misali maji bado yanapanda. Mkigusa mchanga yatawainua wenyewe. Siku ya pili, mwezi kumi na tatu, maji yanakauka saa mbili na robo asubuhi: tembeeni juu ya mwamba ulioachwa na maji. Yanajaa saa nane na dakika ishirini: ogeleeni kuanzia saa saba u nusu, wakati mkondo unapolegea. Siku ya tatu, mwezi kumi na nne, ng'oeni nanga saa tatu asubuhi. Hadi mlango wa Njao ni maili 17, mtafika saa sita, maji yako katikati ya kupanda.

Kwa nini nasisitiza mchana kwa Njao? Mlango unafunguka upande wa magharibi. Ukiingia asubuhi jua liko usoni na maji yote yanang'aa kama bati, huoni kitu. Kuanzia saa sita linahamia nyuma yako, na rangi zinajitenga. Buluu iliyokolea karibu nyeusi ni kilindi. Kijani kibichi ni mchanga chini ya maji ya pima mbili tatu. Kijani kinachokaribia weupe ni mchanga usio na maji ya kutosha. Hudhurungi yenye mabaka ni matumbawe, hapo usipite. Majani ya bahari nayo ni meusi na huwadanganya watu wengi, lakini ukingo wake umefifia, wakati ukingo wa mwamba umekatwa kama kisu. Mtu mmoja asimame juu, ameshika mlingoti, amevaa miwani ya kuzuia mng'ao, na awe anaonyesha kwa mkono. Asipige kelele, upepo utayala maneno.

Tanga litueni kabla ya kuingia, piteni kwa mashine taratibu. Mlango ni mwembamba, una mwamba kushoto na kulia, kisiwa cha Njao kaskazini na Fundo kusini, na upepo hukatika ghafla ukishakingwa na miti. Kwa kuwa nahodha wenu hajauingia, chukueni rubani, mtu wa Fundo au Gando. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ubao mmoja wa mkuku, uti wa chini wa chombo.

Bint Mahonda

Shukran sana mzee, shukran kaka. Hapo kwenye mwezi kumi na mbili sikuelewa kitu kimoja. Kuna mtu ameniambia kwa kuogelea maji mafu ndiyo bora kwa sababu ni masafi na hayana mkondo. Mbona wewe unanipeleka karibu na bamvua?

Kijana wa Wesha

Aliyekwambia hakukosea. Maji mafu hayachoti tope la mikoko, kwa hiyo unaona mbali, na mkondo pembeni ya mwamba ni mpole. Kama safari ingekuwa Misali tu, ningekwambia mwezi saba. Lakini siku hizo maji yanakauka saa kumi jioni, maana yake mchana mzima yanapwa. Utaingia Njao huku maji yanashuka, na ukikwama hapo utakaa ubavu mpaka usiku. Tena mwamba hauachwi wazi, kwa hiyo hutaona wanyama wa pwani wa maji makavu. Mwezi kumi na mbili hadi kumi na nne ni kukubaliana na yote mawili.

Mpapindi

Hapa nazungumzia viumbe, kwa sababu wengi hufika Misali wakakaa kwenye mchanga saa mbili, wakaondoka hawajaona hata robo.

Misali imehifadhiwa tangu 1998, na tangu 2005 imo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Mkishatia nanga kitu cha kwanza ni kwa walinzi: lipeni kiingilio, ulizeni wapi pamefungwa, wapi pa kuogelea, wapi nanga inaruhusiwa. Taratibu na viwango ulizeni mapema kwa ofisi ya uvuvi Chake Chake, msitegemee bei ya mwaka jana. Kulala ufukweni msijipangie bila ruhusa, laleni chomboni. Kisiwa hakina maji ya kunywa. Chukueni lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, yaani lita 40 kwa siku kwa ninyi wanane, bila kuhesabu mabaharia, na akiba ya siku moja zaidi.

Jina lenyewe mlijue kabla ya kukanyaga. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, haukuwapo, akasema kisiwa chenyewe ni msala wake kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Kuna mapango ambayo watu wa Pemba bado wanayaheshimu. Msiingie bila mwenyeji, na mkikuta vitambaa au ubani msiguse. Heshima hii ndiyo iliyosaidia hifadhi: mwishoni mwa miaka ya 1990 elimu ya kutunza bahari ilipitishwa misikitini, na wavuvi waliielewa kwa lugha yao.

Asubuhi ya maji makavu vaeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu. Kanyageni mchanga na mawe mafu tu. Tumbawe hai lina ute na rangi, lililokufa ni jeupe au la kijivu lenye majani. Kwenye maji ya kifundo cha mguu buruzeni nyayo, msinyanyue, kwa sababu samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na ukimkanyaga mgongoni atakuchoma kwa mkia, lakini ukimgusa ubavu anakimbia. Makome yenye umbo la pia ya kuchezea, mapana juu na membamba chini, yenye madoa mazuri, msiyaokote hata kama yanaonekana matupu. Ndani mna mnyama mwenye mwiba wa sumu. Mkigeuza jiwe kutazama chini, lirudisheni kama lilivyokuwa. Vilivyoshikamana chini yake havivumilii jua hata kwa nusu saa.

Kuogelea: zaidi ya aina 300 za samaki zimeorodheshwa hapo, na upande wa magharibi mwamba unashuka kama ukuta hadi kilindini. Tazameni pia matumbawe yenyewe. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha, mengi yakafa, na mabaki yake bado yapo yamelala kama kuni zilizovunjika, huku mapya yakiota juu yake. Ukiona tumbawe changa la upana wa sahani juu ya mfupa wa zamani, hilo limechukua miaka kufika hapo, na kiatu kimoja cha kuogelea kinalimaliza. Mafuta ya jua pakeni mwilini nusu saa kabla ya kuingia majini, au bora zaidi vaeni fulana ya mikono mirefu na msipake kabisa.

Kaa wakubwa wa minazi hutoka usiku. Mchana wamejificha kwenye mashimo ya mawe, na mkubwa anaweza kufika kilo 4. Ukiruhusiwa kushuka usiku na mlinzi, tembea polepole ukimulika mizizi na mashina. Usimshike. Gando lake linavunja kifuu cha nazi, kidole si kitu. Tumbili nao wapo, kwa hiyo mifuko ya chakula ifungwe. Wakizoea mikate ya wageni wanakuwa kero kwa wanaokuja baadaye.

Popo wa Pemba ndiye mnyama wa kutazama jioni. Mabawa yake yakitandazwa yanafika karibu mita 1.6, na duniani hayupo popote isipokuwa Pemba na visiwa vyake. Mchana ananing'inia juu ya miti amejifunika mabawa kama mtu aliyejitanda kanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana kwa kuwindwa na kukatwa kwa miti, wakaongezeka tena baada ya vijiji kuanza kulinda maskani yao, Kidike ikiwa mojawapo. Msipige makofi ili waruke mpate picha. Kila wakiruka mchana wanapoteza nguvu za kutafutia chakula, na mama huwa amebeba mtoto kifuani.

Pemba ina viumbe vyake peke yake kwa sababu mkondo ule mnaouvuka una kina cha zaidi ya mita 800. Unguja iliunganika na bara enzi ya barafu bahari iliposhuka, Pemba haikuunganika. Ndiyo maana kuna ndege wanne wasiopatikana pengine: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo, na yule mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe machoni. Ngezi mtakuta mpapindi, mti jamii ya mnazi ambao ni wa Pemba, lakini kima punju mtakaowakuta humo si wenyeji, waliletwa kutoka Unguja mwaka 1974. Bundi hulia jua likishazama, kwa hiyo pangeni kufika Ngezi alasiri, mwende na mwongozaji wa msitu, mtoke usiku. Mkienda saa nne asubuhi mtaona miti tu.

Mikoko ndani ya Njao iendeeni kwa mtumbwi maji yakijaa, siku ya nne kuanzia saa tisa. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa baharini, mizizi yake imechomoza juu kama vigingi. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya miguu ya buibui. Mchu huvumilia mahali pakavu zaidi. Zimeni mashine, tumieni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Maji yakianza kupwa tokeni mara moja, kwenye tope la mikoko huwezi kushuka ukasukuma.

Fundi Kalafati

Nawashukuru walionitangulia, lakini nanga haijajibiwa, na chombo chenyewe hakuna aliyekiuliza.

Nanga kwanza. Mashua nyingi zina ile ya makucha manne. Hiyo imetengenezwa kushika mwamba: inadaka tumbawe, inalivunja, halafu inanasa na mnakata kamba. Kwenye mchanga inaburuta. Kwa safari hii azimeni baura au nanga ya jembe ya kilo 12 hadi 15, yenye mnyororo wa mita 6 angalau na kamba ya mita 60. Mnyororo ndio unaoilaza nanga ichimbe, na ndio usiokatwa na ncha za mwamba.

Wapi? Kusi ikivuma, upande wa kaskazini wa kisiwa ndio uliokingwa. Tafuteni baka la mchanga kwa macho. Kukiwa na boya la kufungia, ulizeni walinzi kama linabeba uzito wenu, mlitumie, na nanga ibaki chomboni. Upande wa magharibi msitie nanga: ukuta unashuka ghafla, nanga ikikaa kwenye mteremko ikivutwa kidogo tu inadondoka kilindini na chombo kinaondoka nayo.

Kamba kiasi gani? Pimeni kina kwa bildi (kamba yenye risasi ya kupimia) mkifika, ongezeni maji yatakayopanda, zidisheni mara tano. Maji ya mita 5 sasa, na bado yatapanda mita 3, ni 8; mara tano ni mita 40. Wanaokosea huzidisha kina cha maji ya kupwa, halafu usiku wa manane maji yakijaa kamba inasimama wima na nanga inang'oka. Na kumbukeni chombo kitazunguka. Maji yakigeuka, mkondo unaweza kushinda upepo, mashua ikahamia upande wa pili mita 40 za kamba zote. Hakikisheni huko nako ni mchanga. Ikishashika, rudisheni nyuma kwa mashine taratibu, kisha chagueni alama mbili za nchi kavu zilizopangana, mnazi na jiwe kwa mfano. Zikitengana, nanga inatembea. Fungeni pia kamba nyembamba yenye boya kwenye kisigino cha nanga, ikinasa mnaivuta kwa nyuma.

Sasa chombo. Wiki moja kabla, kipandisheni mchanga kikauke, mtazame kalafati, ile pamba ya kuziba kati ya mbao, ubao kwa ubao. Pamba iliyochomoza au sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa chombo) iliyobambuka karibu na mkuku ni pa kuziba upya. Kikishushwa majini kiacheni usiku mmoja. Asubuhi pimeni maji ya ngama, yale yaliyoingia chini ndani ya chombo. Ubao mkavu huvuja mwanzo ukanyamaza ukishavimba. Ikiwa siku ya pili bado mnachota ndoo nne kila saa, msiende. Rumada (bawaba) za usukani zitikiseni kwa mkono, hapo ndipo vyombo vingi huharibikia katikati ya mkondo. Tazameni henza (kamba ya kutwekea tanga) mahali inapopita kwenye kapi, ndipo inapoliwa, si mwishoni. Foromali ikiwa ya vipande viwili, kamba za kuifunga zirudiwe upya, mpya, zikazwe zikiwa mbichi.

Farumi, uzito wa kutuliza chombo, iwe mifuko ya mchanga iliyofungwa, isiwe mawe yanayobiringika. Watu wanane wakihamia upande mmoja kutazama pomboo wana uzito wa kilo 500 na zaidi, wote upande wa demani, unakoelekea upepo, tanga likiwa limejaa. Waambiwe kabla ya kuondoka: akionekana mnyama, kila mtu abaki alipo, nahodha ndiye atakayegeuza chombo. Kwa nyangumi kaeni mita 100 mbali, msikate mbele yake. Chukueni na tanga dogo la akiba. Hili letu halina pa kulipunguza vizuri. Upepo ukizidi unatua kubwa unatweka dogo.

Jaketi okozi kila mtu na lake, limevaliwa tangu Nungwi. Redio ya baharini iwe kwenye chaneli 16, simu ndani ya mfuko usioingia maji, upo mbili (vyombo vya kutekea maji ya ndani) na ndoo mbili, petroli lita 60. Na mtu mmoja nchi kavu awe na majina ya wote, njia, na saa ya kufika. Saa moja ya kuchelewa apige simu kwa nahodha, saa mbili awaarifu KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo na uokoaji baharini.

Bint Mahonda

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote. Nimechapisha majibu nampelekea nahodha. Nimekubali Oktoba, mwezi kumi na mbili, na kurudi kwa boti.

Swali moja la mwisho kwa Mpapindi. Tukishuka alfajiri tukaona alama za kasa mchangani, tutajuaje kama ni kasa wa kawaida au ng'amba, na tufanye nini?

Mpapindi

Tazameni makasia, dada. Kasa wa kawaida ni mzito, anajivuta kwa makasia yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo alama za kushoto na kulia zimelingana, moja mkabala na nyingine, na njia nzima ina upana wa karibu mita 1, kama tairi la trekta. Ng'amba ni mwepesi, anatembea kwa kupokezana, kasia la kulia kisha la kushoto, alama zake zinapishana na njia ni nyembamba, sentimita 70 hadi 85. Kuna njia mbili, ya kupanda na ya kushuka. Ile iliyokatisha juu ya nyingine ndiyo ya kushuka.

Juu ya ufukwe mtaona mchanga uliotifuliwa kama mtu amechimba shimo akalifukia. Msikanyage hapo, msichomeke kijiti kutafuta mayai, na msifute alama, walinzi huzihesabu. Piga picha moja pembeni yake ukiweka kitu cha kupimia, kandambili inatosha, uandike saa na mahali, umpelekee mlinzi. Yeye ndiye atakayeweka alama ya kiota na kuhesabu siku 55 hadi 60.

Mkimkuta mama mwenyewe bado yupo juu, kaeni chini hapo hapo mlipo, nyuma yake, taa zote zimezimwa. Akiwa bado anapanda, mwanga au kivuli kimoja kinamrudisha majini bila kutaga. Msubirini ashuke mwenyewe, hata jua likichomoza.